Jinsi ya kununua gari la fowili lililotumika kwa safari za familia

Mwaka wa kwanza tulipomiliki gari la fowili, yaani linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, mimi na mke wangu tuliwapakia watoto watatu na mahema mawili, tukatoka Arusha hadi Lushoto, tukalala hapo usiku mmoja, kisha tukaanza kupanda kuelekea Mtae, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na mtu akasimama ukingoni kuitazama nyika ya Mkomazi ikiwa chini ya miguu yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kona moja ya udongo mwekundu gari lilianza kuteleza kinyumenyume. Nikavuta mkono wa giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hadi H4, alama ya kuvuta kwa magurudumu manne, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi kama inavyopaswa, lakini magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka peke yake huku ya mbele yakiburutwa tu. Watoto walishuka, wakatembea na mama yao kwenye matope kiasi cha kilomita mbili hadi penye nyumba za watu, nami nikabaki na gari nikiwasubiri vijana wa kijiji waje na kamba.

Fundi alipoliingia chini tuliporudi Arusha, alikuta propela shafti ya mbele, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, haipo kabisa. Mmiliki wa zamani alikuwa ameing'oa ilipoanza kutikisika, akaona hana haja ya kununua nyingine. Taa ya dashibodi haikusema uongo, kwa sababu kazi yake ni kueleza mkono wa gia umewekwa wapi. Haijui kama nguvu imefika kwenye magurudumu ya mbele. Gari hilo nilikuwa nimelinunua kwa kuangalia rangi na viti, na kwa kusikiliza injini ikiunguruma juu ya sakafu ya saruji. Tangu hapo sijanunua gari la aina hii, wala kumsaidia ndugu au rafiki kununua, bila kulala chini yake kwanza. Karibu yote ninayoeleza hapa yametokana na desturi hiyo, kwa sababu kinachoibeba familia porini ni chasisi, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu), shafti na matairi, na vyote hivyo viko upande ambao muuzaji hauoshi.

Safari zenyewe kwanza

Kabla ya kwenda yadi yoyote, kaeni kama familia mwandike safari ambazo kweli mtazifanya katika miaka mitatu ijayo. Orodha hiyo inapunguza gharama kuliko punguzo lolote la bei. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Mikumi mara mbili kwa mwaka wakati wa kiangazi anasafiri juu ya lami hadi ndani ya hifadhi, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza humo humo, na akishaingia anakuta njia za changarawe ambazo gari dogo la fowili linazimudu vizuri. Anayetaka kushuka kreta ya Ngorongoro hana hiari, kwani huko hairuhusiwi kushuka bila gari la kuvuta kwa magurudumu manne, na mteremko wenyewe unaonyesha sababu. Anayetaka kwenda Ziwa Natron kutokea Mto wa Mbu atakutana na mawe, vumbi laini na makorongo makavu yanayoweza kujaa maji kwa saa chache mvua ikinyesha mbali juu milimani. Tarangire wakati wa kiangazi ni pole, lakini udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka jua likiwaka na kugeuka gundi mvua ikinyesha, ukiupata wakati wa masika hata gari kubwa linakwama ikiwa matairi yake yameisha meno.

Andikeni pia idadi ya watu. Wazazi wawili na watoto wawili wadogo wanatoshea kwenye Suzuki Escudo ya milango mitano na mizigo yao ikabaki na nafasi. Akiongezeka bibi na mtoto wa tatu, mnahitaji safu ya tatu ya viti, na hapo wengi hukosea, kwa sababu safu hiyo ikikunjuliwa nafasi ya mizigo inabaki kama ya begi mbili, na mizigo yote inapanda kwenye keria. Gari refu lenye mzigo mzito juu huyumba kwenye kona, na kwenye barabara ya mteremko wa pembeni linaweza kuviringika. Kwa hiyo ukikagua gari la viti saba, likague viti vyote vikiwa vimekunjuliwa, ukaone kinachobaki nyuma. Vuta kila mkanda wa usalama hadi mwisho, uuachie, uone kama unarudi wenyewe. Gari lenye mkanda mmoja mbovu kwenye safu ya tatu lina kiti kimoja pungufu, haidhuru tangazo linasema nini.

Jinsi nguvu inavyofika magurudumuni

Maneno yaliyobandikwa kwenye mlango wa nyuma hayaelezi gari linafanya kazi vipi, na magari yanayoitwa fowili yamegawanyika katika makundi matatu yenye tabia tofauti kabisa.

La kwanza ni lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma siku zote, hadi dereva anapovuta mkono au kubonyeza kitufe cha H4. Ndivyo zilivyo Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, Suzuki Jimny za kizazi kilichoanza 1998, na Escudo nyingi za 1998 hadi 2005. Mfumo huu ni imara na rahisi kutengeneza, lakini una sharti moja ambalo wauzaji hawalisemi: H4 haitumiki kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa ekseli zote mbili zimefungwa pamoja, tofauti hiyo haina pa kutokea isipokuwa tairi liteleze. Kwenye matope linateleza. Kwenye lami halitelezi, kwa hiyo mkazo unajikusanya ndani ya shafti na giaboksi ndogo hadi kitu kivunjike. Mmiliki aliyekuwa akiendesha mjini na H4 kwa kudhani gari litashika barabara vizuri zaidi ameliumiza bila kujua, na madhara hayo utayarithi wewe.

La pili linavuta kwa magurudumu yote muda wote, likiwa na difu ya katikati inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na dereva anaweza kuifunga difu hiyo akifika pabaya. Prado nyingi zilizotoka Japani, zile za 1996 hadi 2002 na zilizofuata hadi 2009, ziko hivi, na kwenye mkono wake utaona H ya kawaida, HL ya difu iliyofungwa na LL ya gia nzito. Kwa maoni yangu huu ndio mfumo unaowafaa zaidi wenye watoto, kwa kuwa kwenye lami yenye maji gari linashika barabara bila dereva kukumbuka lolote, na kwenye tope nguvu ipo.

La tatu ni magari kama Nissan X-Trail, Subaru Forester na RAV4 nyingi za karne hii, ambayo kompyuta au kiungo maalumu ndicho kinachoamua ni lini, au kwa kiasi gani, ekseli nyingine ipate nguvu. Ni magari mazuri ya familia na yananyanyuka kutoka ardhini kuliko gari la kawaida. Kinachokosekana ni gia nzito, ile ya L4 au LL, inayoliwezesha gari kutambaa taratibu kwenye mteremko wa mawe bila kukanyaga breki na kupanda bila kuunguza klachi. Kama orodha yenu ina Mikumi, Saadani wakati wa kiangazi na mashambani kwa wazee, kundi hili linatosha, nanyi mtaokoa mafuta. Kama ina Natron na milima ya Usambara wakati wa vuli, tafuteni gia nzito.

Ni lipi, na limetoka wapi

Mimi hupima gari kwa swali moja: likiharibika Singida siku ya Jumamosi jioni, je, fundi wa hapo atalijua na kipuri kitapatikana Jumatatu? Ndiyo maana Toyota zimeenea, na si kwa sababu haziharibiki. Land Rover zina wapenzi wao wa kweli, na Arusha iliwakusanya kwa wingi kwenye tamasha la mwaka 2024. Anayeishi karibu na mafundi wake na kuupenda mkono wa spana anaweza kusafiri na Defender miaka mingi. Kwa familia inayotaka gari la kuwasha na kuondoka, sishauri lianze kuwa hilo.

Injini nazo zina historia. 1HZ ya lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser 70 haina tabo, inakwenda polepole mlimani, lakini inavumilia mafuta mabaya na joto kuliko karibu zote ninazozijua. 1KZ ya lita 3.0 ya Prado za miaka ya 1990 ina nguvu ya kutosha, ila haisamehe kuchemka hata mara moja: silinda hedi yake hupasuka. 1KD iliyofuata hudai noseli nzuri na dizeli safi. Injini ya petroli ya lita 2.7 haina makuu, inatengenezeka kila mahali, ila itakunywa mafuta zaidi mkipakia watu saba. Piga hesabu ya mafuta ya safari yenu ndefu zaidi, kwenda na kurudi, kabla hujaamua.

Arusha tuna chanzo kingine ambacho watu wa mikoa mingine hawakioni mara kwa mara, nacho ni magari yaliyostaafu utalii. Mengi ni Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizokatwa katikati na kurefushwa, zikawekewa paa la kufunuka. Bei yake inavutia na nafasi ni kubwa. Lakini gari kama hilo limemaliza maisha yake kwenye barabara za mikunjomikunjo kama bati, kwa hiyo namba ya kilomita haielezi uchovu wake. Angalia pale chasisi ilipoungwa: weldi iwe na mshono mnene ulio sawa, na bamba la kuimarisha lipite pande zote mbili za muungo. Tazama pia pembe za milango na nguzo za paa, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Ukiona ufa uliozibwa kwa puti na kupakwa rangi, ondoka.

Ukiagiza moja kwa moja kutoka Japani, omba karatasi ya mnada ya gari hilo kabla ya kulipa. Ina mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kutengenezwa, S ni kutu na C ni kutu iliyokwishakula bati, na namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Gari lenye daraja R au RA liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mimi naogopa S na C kuliko A na U zote kwa pamoja, kwa sababu mikoa ya theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chasisi kimyakimya. Mkwaruzo unaonekana na hauumizi mtu. Hesabu pia ushuru mapema kwa kutumia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kilichopo kwenye tovuti yao, kwani ukubwa wa injini na umri wa gari hupandisha kodi, na si mara moja mtu ameshtuka kuona kodi inakaribia bei aliyolipa Japani. Wasomaji wa Kenya wana kizuizi kingine, kwa kuwa huko gari lililotumika haliingizwi likishapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Prado za zamani ninazozitaja hapa wao watazipata kwa wamiliki wa ndani.

Ukinunua gari ambalo tayari liko nchini, usidanganywe na herufi ya namba. Watu husema „hii ni namba E“ kana kwamba wametaja umri wa gari, wakati namba inaeleza tu lilisajiliwa lini Tanzania. Gari la mwaka 2003 linaweza kuwa na namba mpya kuliko la mwaka 2012.

Kulala chini ya gari

Nenda asubuhi, ukiwa na fundi wako mwenyewe asiyejuana na muuzaji wala dalali, pamoja na tochi, kipande cha turubai cha kulalia na bisibisi ndefu. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna jambo ambalo hakutaka ulisikie injini ikiwa baridi.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka shemeji yangu kuangalia Prado nyeupe iliyokuwa imetunzwa ndani kama sebule. Tulikuwa na fundi mmoja mzee anayetengeneza magari haya tangu nikiwa shule ya msingi. Aliingia chini, akamulika chasisi iliyokuwa nyeusi inang'aa, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniita.

„Kijana, njoo usikie.“

Akagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbele akirudi nyuma. Ti, ti, ti, sauti kavu ya chuma kizima. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma sauti ikabadilika ikawa nzito, kama mtu anayegonga gogo lililooza.

„Mzee, si wameipaka rangi tu isipate kutu?“ nikamuuliza.

„Gari la miaka ishirini limepakwa rangi chini wiki hii. Jiulize aliyepaka alikuwa anaficha nini.“

Akachomeka ncha ya bisibisi palepale, akaisukuma kwa kidole gumba tu, nayo ikazama. Kipande cha kutu chenye ukubwa wa kiganja kilianguka juu ya turubai, na upande mmoja kilikuwa bado kina rangi mbichi inayonuka. Shemeji alikuwa tayari ameshika simu ili atume malipo ya awali.

Basi gongeni chasisi yote, na mkazie pale springi zinapokaa, pale ekseli ya nyuma inapopita juu, na maungio ya vibebeo vya bodi. Mkishamaliza, fuateni shafti kwa tochi kutoka giaboksi ndogo hadi difu ya mbele na ya nyuma, mhakikishe zote mbili zipo. Shikeni kila propela shafti kwa mikono miwili muizungushe huku na huku. Ikigonga, krosi zake, yaani maungio ya shafti, zimekwisha. Angalieni buti za mpira kwenye jointi za ekseli za mbele, kwa sababu buti iliyopasuka huachia grisi na kuingiza mchanga, na jointi haichukui muda kufa.

Kisha mwombe fundi afungue nati ya kujazia oili kwenye kila difu na aingize kidole. Hiki ni kipimo cha dakika tano ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Oili ya difu inapaswa kuwa ya kahawia au nyeusi na iwe nzito. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, maana yake gari limevuka mito na hakuna aliyebadilisha oili baadaye. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, difu inajila yenyewe. Muuzaji anayekataa nati isifunguliwe amekwisha kujibu swali.

Inueni gurudumu moja moja kwa jeki. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi za habu au boljointi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi za stelingi. Bonyeza kila kona ya gari, liachie, uhesabu: likiyumba zaidi ya mara mbili, shokapu zimekufa. Soma tarehe ya matairi kwenye ubavu wake, ambako baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini lenye miaka kumi ni hatari kuliko lililolika kiasi. Hakikisha yote manne ni ya saizi moja na yamelika sawasawa, kwa sababu gari la fowili lenye matairi tofauti linateswa kila mita linayotembea. Spea nayo ishushwe chini uione, usikubali kuambiwa tu kwamba ipo.

Injini nitaieleza kwa ufupi kwa kuwa fundi yeyote mzuri ataijua. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, utafute utando wa oili juu ya maji. Fungua kifuniko cha oili, utafute ute wa rangi ya maziwa. Washa gari rejeta ikiwa wazi. Mapovu yanayoendelea kupanda yanaonyesha kwamba gasketi ya hedi imeachia au hedi yenyewe ina ufa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata joto ni sababu ya kuagana kwa heshima.

Inua zulia la miguuni na unuse. Harufu ya ukungu, matope makavu chini ya reli za viti au mstari wa tope ndani ya taa za mbele ni dalili kwamba gari lilizama. Na ukikuta bomba refu la hewa limepandishwa pembeni mwa kioo, usiamini kwamba gari linaweza kuvuka mto hadi umefungua boneti na kuona limeunganishwa na kisafishio cha hewa bila mwanya wowote. Nimeona mengi yaliyofungwa kwa ajili ya urembo, na dereva anayeyaamini huingiza maji kwenye injini.

Kuliendesha

Dakika kumi za kuzunguka yadi hazitoshi. Omba saa moja, nawe ulipie mafuta. Kwa sisi wa Arusha, barabara za vumbi zinazopanda kuelekea Ilboru zinafaa sana, kwani zina mwinuko, mawe na kona. Panda ukiwa umewasha kiyoyozi, na jicho lako lisitoke kwenye mshale wa joto la injini: ukivuka katikati wakati watu ni watatu tu, utavuka zaidi mkiwa saba na mizigo.

Ukifika kwenye changarawe, simama kabisa, weka giaboksi kwenye nyutro, kisha vuta H4, au HL ikiwa ni Prado. Endesha taratibu ukikata kona hadi mwisho wa stelingi. Unatakiwa kuhisi gari likijikaza na matairi yakikwaruza changarawe, maana hiyo ndiyo dalili kwamba mbele na nyuma zimefungwa pamoja kweli. Lisipojikaza hata kidogo, rudi chini ya gari. Ukisikia kishindo cha tak-tak-tak kwenye kona, jointi za ekseli zimechoka. Weka gia nzito, toa mguu kwenye breki juu ya mteremko, uone gari likijishusha lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Rudia kila gia mara tatu, kwa sababu mkono ambao haujaguswa miaka mingi unaweza kukubali kuingia na ukakataa kutoka.

Mpeleke na mwenzi wako, naye aendeshe. Porini dereva mmoja akiumwa, ni lazima wa pili aweze kuwarudisha nyumbani.

Karatasi na malipo

Ombeni kadi halisi ya gari, si picha iliyotumwa kwa simu. Linganisheni namba ya chasisi na ya injini zilizopo kwenye chuma na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na mpapase sehemu iliyochapwa namba ya chasisi: chuma kikiwa kimesagwa au kimeungwa pembeni yake, achaneni na gari hilo. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenye gari, kuna mkopo, na gari haliuzwi hadi benki itoe barua ya kuliachia. Mwenye jina akiwa amefariki, anayeuza awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Maneno ya mtoto wa marehemu hayatoshi hata akiwa mkweli. Angalieni deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, na mhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki, na wote wawili mwende TRA na namba zenu za mlipakodi (TIN) kuhamisha umiliki wiki hiyohiyo. Usiache kadi ibaki na jina la mwenye zamani kwa miezi. Malipo ya awali kabla ya ukaguzi msitoe, hata dalali akisema kuna mtu mwingine njiani na fedha mkononi. Mtu huyo yupo kila mara.

Fedha ya baada ya kununua

Gari likigharimu milioni ishirini na tano na wewe una milioni ishirini na tano, huna uwezo wa kulinunua. Mimi huweka kando sehemu moja ya tano ya fedha yote kabla sijaanza kutafuta. Fedha hiyo hubadilisha oili ya injini, ya giaboksi, ya giaboksi ndogo na ya difu zote mbili, filta zote, mikanda, hozi za rejeta na maji ya breki, bila kujali muuzaji amesema vilibadilishwa lini; na mara nyingi hununua matairi manne mapya na betri. Ikibaki, nunueni kamba nene ya kuvutia, koleo, pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari na jeki inayolitosha gari hilo, pamoja na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki peke yake juu ya mchanga huzama. Pampu ndiyo itakayokuruhusu kupunguza upepo wa matairi hadi psi 18 au 20 kwenye mchanga wa Saadani na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Safari ya kwanza iwe ya karibu. Sisi, tulipopata gari letu la pili, tulikwenda Hifadhi ya Arusha, tukazunguka maziwa ya Momella siku nzima tukiwa tumepakia kila kitu kana kwamba tunakwenda Ruaha, na jioni tukarudi kulala nyumbani. Asubuhi yake nilitandika turubai, nikaingia chini na tochi. Nilikuta nati mbili za shokapu ya nyuma zimelegea na tone moja la oili kwenye sili ya difu ya mbele. Nikakaza nati, nikapangusa tone, nikaandika tarehe na kilomita kwenye daftari tunaloliweka kwenye droo ya gari, na mwanangu mkubwa, aliyekuwa amelala kando yangu akishika tochi, akaniuliza hiyo shafti ya mbele ni ipi. Nikamwonyesha.